Wadudu Watatu, Taifodi Moja na Sumaku

Huku Nyamisangura ugonjwa una namba. Ukimwuliza mtu anaendeleaje hakwambii tu kwamba ana malaria, anakwambia "nimekutwa na wadudu watatu." Mwingine ana watano. Ukiwa na bahati mbaya zaidi unaongezewa na taifodi, kama vile mwenye duka anavyokuongezea pipi akikosa chenji. Kwenye kijiwe cha kahawa watu wanalinganisha namba hizi kama wanavyolinganisha magoli ya Simba na Yanga. Mwenye watano anapewa pole ndefu kuliko mwenye wawili.

Mwezi uliopita na mimi nilipewa namba yangu. Homa ilinishika usiku, kichwa kikawa kama kinapigwa nyundo, asubuhi nikajikokota hadi zahanati moja ya binafsi ambayo jina lake nitaliacha lilipo. Nikatobolewa kidole, nikakaa kwenye benchi, nikaitwa dirishani: wadudu watatu na taifodi. Nikaandikiwa dawa mseto, antibayotiki na sindano. Bili yake, kwa mtu anayelipwa mshahara wa gazeti, ilitosha kupandisha homa nyingine. Nililipia dawa mseto peke yake, nikaiweka mfukoni bila kuimeza, na jioni ile ile nikaenda kupima sehemu nyingine hapa hapa mjini Tarime. Hakuna mdudu hata mmoja. Siku ya nne homa ikaondoka yenyewe.

Sasa nisieleweke vibaya. Sisemi zahanati zote ni za kitapeli, na wala simwambii mtu aweke dawa mfukoni. Malaria inaua, hasa watoto wetu. Kusoma damu kwenye hadubini kunahitaji jicho lililofundishwa, rangi nzuri, umeme usiokatika na muda. Mtaalamu wa maabara mwenye watu wengi kwenye benchi na hadubini moja ya kizamani ana kazi ngumu kuliko mimi na kalamu yangu. Lakini tatizo lipo, na ni la siku nyingi. Mwaka 2004 jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Waliangaliwa wagonjwa 4,474 waliokuwa wakitibiwa malaria kali. Damu yao iliposomwa kwa makini, waliokuwa na vimelea kweli walikuwa asilimia 46 tu. Zaidi ya nusu walikuwa wanatibiwa ugonjwa mmoja huku mwingine ukiendelea na shughuli zake bila bughudha. Mtu hafi kwa malaria ambayo hana. Anafariki kwa kile ambacho hakuna aliyekitafuta.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likasema kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa, na vikaja kwa wingi vile vipimo vya haraka, kijiplastiki chenye mistari. Vimesaidia sana. Ila navyo vina mambo yake. Vingi vinatafuta protini fulani ambayo kimelea huiacha kwenye damu, na protini hiyo inaweza kubaki kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Zaidi ya hapo, wapo vimelea waliopoteza jeni ya kutengeneza protini hiyo. Waliripotiwa kwanza Peru mwaka 2010, na kufikia 2016 Eritrea ililazimika kubadilisha aina ya kipimo. Yaani mwizi kajifunza kutoacha alama za vidole.

Swali nililobaki nalo baada ya homa yangu lilikuwa hili: je, kuna kitu ambacho kimelea huyu hawezi kuacha kukiacha? Kipo. Ni chuma. Na kwa kuwa ni chuma, sumaku inakihusu. Nimetumia majioni kadhaa nikisoma juu ya jambo hili, na naomba uvumilivu wenu, hasa nyie mliolikimbia somo la kemia kidato cha pili.

Tuanze na damu yenyewe. Wekundu wake unatokana na hemoglobini, na ndani ya hemoglobini kuna kitu kinaitwa hemu. Ni molekuli bapa yenye umbo la pete, na katikati ya pete imekaa atomu moja ya chuma, imeshikwa pande nne na atomu za naitrojeni. Vitu vya namna hii, metali katikati na molekuli nyingine zikiishika pembeni, wanakemia wanaviita kampaundi za koodinesheni. Si vitu vigeni. Kijani cha jani la mgomba ni ndugu yake wa karibu, ila lenyewe katikati lina magnesi badala ya chuma.

Michael Faraday, yule wa umeme, alijaribu damu iliyokauka kwenye sumaku mwaka 1845 akaona haivutwi. Jibu kamili lilikuja mwaka 1936 kutoka kwa Linus Pauling na Charles Coryell wa Marekani. Usumaku wa atomu kama hii unatokana na elektroni zisizo na mwenza. Elektroni mbili zikikaa pamoja zinafutana, moja ikibaki peke yake inakuwa sumaku ndogo. Walichokikuta ni kwamba damu iliyobeba oksijeni haina elektroni pweke hata moja kwenye chuma chake, kwa hiyo sumaku inaisukuma kidogo sana. Damu hiyo hiyo ikishusha oksijeni, kila atomu ya chuma inabaki na elektroni pweke nne, na sumaku inaivuta. Nguvu zenyewe ni ndogo mno, kwa hiyo wanaouza stendi bangili za sumaku za "kusafisha damu" wasije wakanitumia kama shahidi.

Sasa kimelea wa malaria anaingia ndani ya seli nyekundu na kuanza kula hemoglobini. Anaila protini, anaishia na hemu mkononi, na hemu iliyo huru ni sumu kwake. Miili yetu ina kimeng'enya cha kuivunja hemu, yeye hana. Hawezi kuila, hawezi kuivunja. Anachofanya ni kile tunachofanya sisi na taka ambazo gari la halmashauri halijazipitia: anazipanga kwenye kona.

Namna anavyozipanga ndiyo iliyonishika. Chuma kwanza kinapoteza elektroni moja, na kinabaki na elektroni pweke tano. Kisha hemu moja inanyoosha mkono wake wenye asidi na kushika chuma cha hemu ya pili, na ya pili nayo inashika chuma cha ya kwanza. Wamekuwa jozi. Jozi na jozi zinashikana mikono kwa atomu za haidrojeni na kupanga mstari, minyororo inalala kando ya minyororo, na mwishowe inatokea fuwele ya rangi ya kahawia iliyoiva, ndogo kiasi cha elfu moja ya milimita. Jina lake hemozoini. Kwa miaka kadhaa wanasayansi waliamini ni mnyororo mmoja mrefu, chuma kwa hemu, chuma kwa hemu. Mwaka 2000, kwenye jarida la Nature, kundi la Silvina Pagola lilionyesha kwa kutumia miale ya eksirei kwamba mnyororo upo lakini umejengwa kwa jozi.

Vumbi hili jeusi si jipya. Mjerumani Heinrich Meckel aliliona mwaka 1847 kwenye damu ya maiti. Alphonse Laveran, daktari Mfaransa aliyekuwa Algeria, alilifuata hilo hilo mwaka 1880 akamkuta kimelea mwenyewe. Ronald Ross, akiwa India mwaka 1897, aliliona kwenye tumbo la mbu, na hapo ndipo mbu alipokamatwa rasmi. Yaani historia nzima ya kuijua malaria ni historia ya kufuata taka za mtu hadi mlangoni kwake.

Hebu tuweke kimelea pembeni kidogo, maana kuna swali dogo la kujibu kwanza: ukipanga atomu za metali zenye usumaku kwenye mnyororo, zinakuwa sumaku? Namaanisha sumaku ya kweli, kama ile ya kwenye spika ya redio, inayokumbuka upande wake hata ukiiacha peke yake.

Swali hili alipewa kijana mmoja mwanafunzi huko Hamburg, Ernst Ising, na jibu lake likachapishwa mwaka 1925. Jibu lilikuwa hapana. Sababu yake unaweza kuiona kwenye foleni yoyote. Fikiria watu wamepanga mstari mmoja, na kila mmoja anaangalia upande anaoangalia jirani yake wa mbele na wa nyuma, basi. Mmoja katikati akigeuka, walio nyuma yake wakamfuata wote, ugomvi unakuwa sehemu moja tu ya foleni. Kila mtu mwingine anakubaliana na jirani zake. Kugeuza nusu ya foleni kunagharimu ugomvi mmoja. Joto kidogo tu linatosha kuulipia, na foleni nzima inapoteza mwelekeo. Uwanjani ni tofauti. Kundi likitaka kugeuka katikati ya umati lazima ligombane na watu wote wanaolizunguka, kwa hiyo umati unashika msimamo. Mnyororo hauna watu wa pembeni wa kuusaidia.

Miaka ikapita. Mwaka 1963 Roy Glauber, ambaye mwaka 2005 alipata Nobeli kwa kazi nyingine, akaonyesha jambo la nyongeza: mnyororo utasahau, ndiyo, lakini kusahau kunachukua muda. Atomu zikiwa kaidi, yaani kila moja ina mwelekeo inaoupenda na haukubali kirahisi mwingine, muda huo unaweza kuwa mrefu kiasi cha kupimika. Mwaka 2001 kundi la Dante Gatteschi huko Florence, Italia, likapata mnyororo wa namna hiyo maabara, wa kobalti zilizounganishwa na molekuli zenye elektroni pweke. Kwenye baridi ya zaidi ya nyuzi 250 chini ya sifuri, mnyororo ule ulikumbuka sumaku iliyokuwa imeondolewa. Neno la kushika hapo ni ukaidi. Kemia yote ya minyororo ya sumaku ni kutafuta metali zenye ukaidi.

Haya, turudi kwenye taka za kimelea. Hemozoini si sumaku ya kudumu. Ukiiondolea sumaku inasahau papo hapo, damu yetu ina joto na chuma chake hakina ukaidi wa kobalti. Lakini inao kiasi. Atomu zake za chuma, kwa kuwa zimepangwa kwenye mistari zikiangalia namna moja, zina pande zinazozipenda na pande zisizozipenda. Kwa hiyo ukileta sumaku karibu, fuwele nzima inajigeuza kama sindano ya dira. Ukiizungusha sumaku, fuwele inazunguka nayo. Na kwa kuwa fuwele hiyo haimezi mwanga sawasawa kila upande, ukipitisha mwanga kwenye tone la damu huku sumaku inazunguka, mwanga unaotoka upande wa pili unapungua na kuongezeka kwa mpigo. Damu isiyo na malaria haina mpigo huo. Watafiti wa Hungaria waliieleza mbinu hii mwaka 2013, na mwaka 2021 yakachapishwa matokeo ya kuijaribu kwa wagonjwa zaidi ya 900 kule Papua New Guinea. Hata kabla ya hapo, tangu mwaka 1981, maabara zilikuwa zimeshajua kuchuja seli zenye malaria kutoka kwenye damu kwa sumaku kali.

Na wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Jirani zetu wa Uganda wanamjua Brian Gitta, kijana aliyetokea Chuo Kikuu cha Makerere. Aliugua, akapimwa damu mara kadhaa, na vipimo vikashindwa kuiona malaria yake. Yeye na wenzake wakatengeneza kifaa cha kubana kwenye kidole, bila sindano, kinachotumia mwanga mwekundu na sumaku, na majibu yanasomwa kwenye simu. Juni 2018, jijini Nairobi, akiwa na miaka 24, alipewa Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Alikuwa Mganda wa kwanza na mshindi mdogo kuliko wote hadi wakati huo. Kifaa chenyewe kinaitwa Matibabu. Neno letu hilo.

Najua mtaniuliza: kiko wapi? Katika zahanati nilizopita hapa Tarime sijakikuta, na sitaki kuwauzia ndoto. Mbinu ya sumaku ina ugumu wake wa kweli. Kimelea mchanga anakuwa bado hajala vya kutosha, taka zake ni kidogo. Akikua na kujaza taka, yule wa aina ya falsiparamu, ambaye ndiye mkubwa wetu, anajibandika kwenye kuta za mishipa midogo ya ndani na hapiti tena kwenye kidole. Na seli nyeupe zinazokula taka hizo zinaweza kuzibeba kwa siku kadhaa baada ya mtu kupona. Tuzo ni kitu kimoja, kipimo cha kumwamulia mtoto mwenye degedege ni kitu kingine.

Pamoja na hayo kuna jambo moja nadhani ni kubwa. Nilimsimulia mwenye nyumba wangu habari hizi jioni moja anamenya ndizi. Nikamwambia, "Mama, mnaikumbuka klorokwini?" Akaacha kisu. "Mwanangu, ile ilikuwa inawasha! Unajikuna mpaka unatafuta gunzi. Lakini ilikuwa inaponya." Mama yuko sahihi kwa yote mawili. Klorokwini ilikuwa inaponya kwa kwenda pale pale kwenye kona ya taka na kuziba ncha za fuwele ili hemu nyingine zisijipange. Minyororo ikikatizwa, hemu inabaki huru, na kimelea anakufa kwa sumu ya chakula chake mwenyewe.

Kisha klorokwini ikashindwa. Usugu ulianza kuonekana Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 2001 Tanzania ikaiacha kama dawa ya kwanza ya malaria, ikaja ile ya salfa, na miaka michache baadaye dawa mseto. Kilichonishangaza ni namna kimelea alivyoshinda. Hakubadilisha taka wala namna ya kuzipanga. Alibadilisha mlango: protini moja kwenye ukuta wa kile chumba cha taka, ambayo sasa inaisukuma klorokwini nje. Minyororo ile ya chuma imebaki vile vile, kwa sababu fuwele haiandikwi kwenye jeni. Ni kemia tu. Kimelea anaweza kupoteza protini inayotafutwa na kipimo cha haraka akaendelea kuishi. Hawezi kula damu bila kubaki na chuma, na chuma hakijui kujificha mbele ya sumaku.

Hiyo ndiyo maana naona kazi ya wale wa Kampala na wa Hungaria inastahili fedha na subira, hata kama leo bado ina mapungufu. Na ndiyo maana wadudu watatu wa uongo wananikera kuliko bili yao. Upande wa pili wa Ziwa Victoria, mkoani Kagera, watafiti wa Kitanzania wameshaonyesha vimelea wenye mabadiliko yanayoipunguza makali artemisinini, sehemu muhimu ya dawa mseto. Kila dozi anayomezeshwa mtu asiye na malaria ni dozi iliyopotea na homa nyingine iliyoachwa bila jina. Tunaitumia ovyo dawa ambayo hatuna ya kuirithi kwa urahisi.

Sisi waandishi tuna sehemu yetu. Habari za sayansi tunazipa aya tatu ukurasa wa ndani, "wanasayansi wamegundua", halafu tunarudi kwenye siasa. Mnyororo wa atomu kwenye maabara ya Florence unaonekana kama kitu cha watu wasio na kazi. Kumbe swali lake ni lile lile la mtu aliyekaa kwenye benchi hapa Nyamisangura akisubiri kuitwa dirishani: hicho mnachosema mmekiona, kipo kweli?

Kwa hiyo safari nyingine ukipewa namba, uliza. Uliza kwa adabu, lakini uliza: mmepima kwa hadubini au kwa kipimo cha haraka? Taifodi mmeipimaje? Na kama malaria haipo, basi nina nini? Ni mwili wako, na ni dawa yetu sote.

Naomba kutoa hoja.